Kidole chako ni risiti yake: historia ya karatasi ya makuta katika inchi yetu

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi chetu cha jioni, mama mmoja alinifuata mpaka kwenye mlango wa redio. Ni mama wa Masisi. Aliishi kambini Bulengo mpaka Februari 2025, wakati kambi zilipovunjwa, na leo anakaa na jamaa iliyompokea katika mtaa wa Keshero hapa Goma. Hakuja kuomba chakula. Alikuja na swali.

Alinieleza hivi. Wakati angali kambini, jina lake liliitwa kwenye orodha ya watu wa kupokea msaada wa pesa taslimu. Malipo yalifanywa na nyumba moja ya kutuma na kupokea makuta. Alifika mbele ya meza, akaonyesha jetoni yake, kijana akamfungulia orodha na kumwambia: «Mama, tia kidole hapa.» Akatia. Kijana akampa pesa zilizokunjwa, mama akasogea pembeni, akahesabu, akakuta zimepungua dola ishirini. Akarudi. Kijana akamgeuzia ile orodha akamwonyesha alama ya wino: «Mama, kidole chako ndicho hiki. Umepokea zote.»

Swali lake lilikuwa fupi: «Mwanangu, yeye ana kidole changu. Mimi nina nini?»

Nilikosa jibu pale pale. Nilimwomba muda, nikaenda kusoma sheria, nikauliza mwanasheria mmoja na wazee wawili wa mji. Nilichokikuta ni historia ndefu. Karatasi ndogo ambayo sisi tunaiita resu, wengine risiti, wengine bordero, haikuanza na simu wala na benki. Leo nawaletea historia hiyo, maana bila kuijua hatutajua haki yetu inaanzia wapi.

Wakati shahidi alikuwa ndiye karatasi

Babu zetu walikuwa na makuta kabla ya noti. Kule Katanga, misalaba ya shaba ilipita mkono kwa mkono katika biashara na katika mahari. Kwenye mto Congo watu walilipana kwa vipande vya waya wa shaba nyeupe vilivyoitwa mitako. Sehemu nyingine ilikuwa simbi za baharini, ushanga, chumvi, majembe na vitambaa vya merikani.

Katika malipo ya namna hiyo, nani alitoa risiti? Hakuna. Kulikuwa na mashahidi. Mtu hakulipa mahari wala deni gizani. Aliita wazee, vitu vikawekwa chini mbele ya macho ya watu, vikahesabiwa kwa sauti, kisha vikachukuliwa. Mgomvi akitokea baadaye, waliokuwepo wanaitwa, wanasema walichokiona. Risiti ilikuwa katika vichwa vya watu, na ilidumu muda ambao watu hao walidumu hai na waaminifu.

Maandishi yalikuja huku kwetu na misafara ya kutoka pwani, ile ile iliyotuletea lugha hii ninayoandika. Katika karne ya 19, wafanyabiashara kama Tippu Tip walifika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo, wakitafuta pembe na, tusifiche, wakikamata watu. Bidhaa walizobeba hawakuzinunua zote kwa pesa zao. Zanzibar alikuwako tajiri mmoja Mhindi, Taria Topan, aliyemkopesha Tippu Tip mali ya safari. Mkopo wa aina hiyo ulihitaji hati, maana mkopeshaji alibaki pwani na mdeni aliingia msituni kwa miaka mingi. Hapo ndipo karatasi ilipokuwa na kazi ambayo shahidi haiwezi: ilivuka umbali. Lakini hati hizo zilikuwa za matajiri. Mpagazi aliyebeba pembe kichwani kutoka Kasongo hakupewa karatasi yoyote.

Mwaka 1888: sheria inayoishi mpaka leo

Mwaka 1885 inchi yetu ikawa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ikiitwa Dola Huru la Congo. Mwaka 1887 ikawekwa faranga. Na tarehe 30/7/1888 ikatiwa sahihi amri moja juu ya mikataba na madeni. Wengi wetu hatujawahi kuisikia, lakini nawaomba muikumbuke, kwa sababu haikufa na Leopold, haikufa na Wabelgiji, haikufa na Mobutu. Mpaka leo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Congo, na mahakimu wetu wanaitumia.

Ndani yake, katika kifungu cha 202, kuna kanuni yenye pande mbili. Upande wa kwanza: anayedai kitu ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba anadai. Upande wa pili: anayesema amekwisha kulipa, naye anapaswa kuthibitisha kwamba amelipa.

Itazame vizuri hiyo kanuni, ndugu msikilizaji. Ndiyo mama wa maneno yote ya risiti. Ukimpa mtu pesa azifikishe kwa mtoto wako Kindu, wewe ndiwe mdai. Unahitaji karatasi inayoonyesha ulitoa. Naye akishamkabidhi mtoto pesa, anahitaji karatasi inayoonyesha alilipa. Kwa hiyo risiti ni mbili siku zote, moja ya anayetoa na moja ya anayelipa. Kidole cha yule mama kwenye orodha kilikuwa risiti ya pili. Alimpa mlipaji kinga yake kabla hajajua kama kweli amelipwa.

Sheria hiyo hiyo iliongeza kwamba deni likipita kiasi fulani, lazima liandikwe. Mashahidi peke yao hawatoshi. Fikirini maana yake katika inchi ambamo karibu watu wote hawakujua kusoma wakati ule. Kwa siku moja, ushahidi wa wazee uliotosha tangu zamani ukashushwa chini ya kalamu, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja tu: mzungu au karani wake.

Wazee wetu walijifunza nguvu ya karatasi kwa njia ya uchungu. Walipolazimishwa kulipa kodi ya kichwa kwa pesa, baada ya Ubelgiji kuchukua inchi mwaka 1908, ushahidi wa kodi ukawa kitu cha kutembea nacho. Aliyekosa kuuonyesha alihesabiwa kuwa hakulipa, hata kama alilipa. Mzee mmoja wa Birere aliniambia kwamba baba yake alihifadhi karatasi za kodi ndani ya kibuyu, zimefungwa kwa majani makavu ya ndizi, miaka yote, na hakutupa hata moja. Watoto walimcheka. Yeye alikuwa amekwisha kuona mtu akifungwa kwa kukosa karatasi.

Hawala ya posta na kijitabu cha akiba

Baadaye makuta yakaanza kusafiri bila kubebwa. Mfanyakazi wa migodi ya Katanga aliyetaka kutuma kitu kwao kijijini alikwenda posta, akatoa pesa dirishani, akaandikiwa hawala, ile waliyoiita mandati. Tazameni ilivyokuwa, maana ufundi wake haujabadilika mpaka leo. Namba ni moja, vipande ni zaidi ya kimoja. Kishina kinabaki kwenye ofisi. Kipande kinabaki kwa mtumaji. Kingine kinasafiri mpaka kwa mpokeaji, naye anatia sahihi au kidole anapolipwa. Mgomvi ukitokea, vipande vinakutanishwa: namba, jina, kiasi, tarehe. Asiyekuwa na kipande chake anabaki kutegemea huruma ya wenye vipande.

Mwaka 1950 likaanzishwa sanduku la akiba la Congo ya Wabelgiji, ambalo leo tunaliita CADECO. Mtu aliweka pesa na kuandikiwa katika kijitabu. Hata mtu mdogo, mpishi, karani, fundi wa nguo, alikuwa na ushahidi wa mali yake aliouweka nyumbani kwake mwenyewe. Waswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kizazi kile kiliamini kwamba ukiwa na daftari, mali haiwezi kupotea.

Kizazi cha wazazi wetu kikaja kujifunza kwamba mali yaweza kupotea na daftari ungali umeishika.

Karatasi ipo, thamani imekwenda

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilifuta faranga na kuleta zaire, ambayo iligawanyika katika makuta mia moja. Neno hilo limebaki midomoni mwetu: mpaka leo mtu wa Congo akisema makuta anataja pesa yoyote, hata dola. Mwanzoni zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani.

Kisha ikaja Desemba 1979. Katika siku za Noeli, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire tano na zaire kumi hazina kazi tena. Mipaka ilifungwa, siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kiasi ambacho kila mtu aliruhusiwa kubadilisha kiliwekewa kikomo. Wafanyabiashara wa Kivu waliokuwa na pesa katika masanduku, mbali na benki, waliona jasho la miaka likigeuka karatasi ya kufungia karanga.

Mwaka 1991 watu wa Kinshasa walikimbilia mchezo wa Bindo Promotion, uliowaahidi kuzidisha pesa zao mara nyingi kwa muda mfupi. Ukaanguka mwaka huo huo. Hata aliyekuwa na karatasi mkononi, hakukuwa na mlango wa kugonga. Mwezi wa Septemba mwaka huo wanajeshi waliokosa mishahara wakaanza uporaji. Mwezi wa Januari 1993 uporaji ukarudi, safari hii baada ya wanajeshi kulipwa noti za zaire milioni tano ambazo wauzaji walizikataa. Oktoba 1993 zikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Kasai ikakataa kuzitumia.

Ninayasema haya ili tuelewe jambo moja. Risiti ni ahadi iliyoandikwa. Haina nguvu kuliko yule aliyeahidi na ile sheria inayomlazimisha. Ndiyo sababu wazee wengi wa mji huu bado hawaamini benki, na hatuwezi kuwacheka.

Foni, karboni na moto wa Nyiragongo

Benki zilipokufa, makuta yalitafuta njia nyingine. Vijana wa leo hawajui foni, lakini waliozaliwa kabla ya 1990 wanaikumbuka. Nyumba ya biashara ilikuwa na redio ya mawasiliano ya mbali, antena ndefu juu ya paa, na betri ya gari chini ya meza. Mtu alileta pesa Goma, mwendeshaji akaita Kisangani au Kindu, akataja jina herufi kwa herufi, akataja kiasi, kisha neno la siri. Mpokeaji akifika kule na kulitaja neno lile, analipwa. Pesa yenyewe haikusafiri. Nyumba ilikuwa na sanduku kila upande, na mahesabu yalisawazishwa baadaye kwa bidhaa zilizopanda ndege.

Ndiyo njia iliyounganisha familia wakati wa vita vya 1996 na vya 1998, wakati posta ilibaki jina tu. Na risiti yake? Karatasi ya daftari, iliyoandikwa kwa mkono juu ya karboni, na muhuri wa nyumba. Nakala moja kwako, nyingine inabaki katika daftari.

Hapa nitasema la nyumbani kwetu. Mwaka 2002 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kaka yangu mkubwa alisoma Kisangani, na baba, aliyeuza maharagi, alikuwa amempelekea pesa za masomo kwa foni. Siku mbili baadaye, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ikalipuka. Moto wa mlima ulipita katikati ya mji na kufunika sehemu kubwa ya maduka. Tulikimbilia Gisenyi kwa miguu. Mama alibeba mtoto na sufuria. Baba alibeba godoro, na katika mfuko wa shati alikuwa na ile karatasi.

Tuliporudi, nyumba ya foni haikuwapo. Ilikuwa chini ya jiwe jeusi, na daftari lake pamoja nayo. Kule Kisangani pesa zilikuwa hazijalipwa. Mwenye nyumba alifungua meza chini ya sheeting, na watu walikuja makumi kwa makumi kudai. Aliwaambia wazi: «Mwenye karatasi, nitamlipa. Asiye na karatasi, tutazungumza.» Baba alitoa karatasi yake, imelowa jasho, imeandikwa kwa bluu hafifu. Kaka alilipwa juma lililofuata. Majirani zetu wawili waliopoteza zao bado walikuwa wanazungumza mwezi wa tano.

Mwenye nyumba yule hakuwa mtu mbaya. Alikosa tu namna ya kujua nani anasema kweli. Hiyo ndiyo kazi ya risiti hata pale ambapo hakuna mwizi.

Sheria inaamka

Baada ya miaka ya vita, serikali ilianza kuweka utaratibu. Faranga ilikwisha kurudi tarehe 30/6/1998. Mwaka 2002 ikatoka sheria juu ya kazi na usimamizi wa benki na nyumba za mikopo, ikiziweka chini ya Benki Kuu ya Congo. Nyumba za kutuma pesa, zile tunazoita mesajeri, nazo zikatakiwa kuwa na ruhusa ya Benki Kuu kabla ya kufungua mlango.

Tarehe 19/7/2004 ikaja sheria ya kupambana na pesa chafu na pesa za ugaidi. Lengo lake halikuwa kumlinda mama wa Masisi. Lilikuwa kuwakamata wanaoficha pesa. Lakini ndani yake kulikuwa na faida kwetu ambayo wachache waliiona: nyumba ya pesa ililazimishwa kumtambua mteja na kuhifadhi maandishi ya kila shughuli kwa miaka 10. Sheria ya tarehe 27/12/2022 imechukua nafasi yake, na wajibu wa kutambua na kuhifadhi umebaki. Maana yake ni kwamba hata karatasi yako ikipotea, kishina kinapaswa kuwa hai kwenye ofisi. Wakikuambia «mama, ni zamani, tumekwisha kufuta», wanakiri kosa lao wenyewe.

Kisha simu ikaingia. Benki Kuu ilitoa maagizo yake juu ya pesa za kielektroniki mwaka 2011, na mwaka 2012 makampuni ya simu yakafungua huduma: M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, na Tigo Cash ambayo baadaye ikaingia mikononi mwa Orange. Tarehe 9/7/2018 ikaja sheria ya mifumo ya malipo. Kabini za mbao na miavuli ya rangi zikajaa kila kona, kutoka Majengo mpaka Sake.

Risiti ikageuka ujumbe. Ukiusoma vizuri, utaona ni ile ile mandati ya posta: namba ya shughuli, kiasi, jina, tarehe na saa, malipo ya huduma, na salio. Wengi tuliuliza: je, ujumbe wa simu ni ushahidi mbele ya hakimu? Jibu lilikuja wazi na Kanuni ya Kidijitali ya tarehe 13/3/2023: maandishi ya kielektroniki yana nguvu sawa na ya karatasi, ikiwa yule yaliyetoka kwake anaweza kutambulika na ikiwa yamehifadhiwa bila kuchezewa. Ujumbe ule unaoufuta ili simu ipate nafasi ya kupokea picha, ni sawa na ile karatasi ya baba yangu.

Ndugu aliye Marekani ana mkono mrefu kuliko wetu

Familia nyingi zinazotusikiliza zina mtoto au shangazi aliyepelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Burundi, Tanzania, Uganda au Rwanda. Hao wanapotuma pesa, wako chini ya sheria ya huko. Mwaka 2010, baada ya benki zao kuyumba, Wamarekani walitunga sheria kubwa ya mambo ya fedha, na kanuni yake juu ya pesa zinazotumwa inchi za nje ilianza kazi tarehe 28/10/2013. Inahusu pesa zinazozidi dola 15.

Kanuni hiyo inalazimisha kampuni kumwonyesha mtumaji, kabla hajalipa, gharama, kodi, bei ya kubadilisha na kiasi hasa ambacho mpokeaji atapata. Akilipa, lazima apewe risiti, nayo itaje siku ambayo pesa zitakuwa tayari. Ana dakika 30 za kubadili nia na kurudishiwa zote, kama hazijachukuliwa. Na kukiwa na kosa, ana siku 180 za kulalamika, na kampuni ina siku 90 za kuchunguza.

Kwa hiyo ukifika kwenye dirisha hapa na kupewa pungufu ya kilichoandikwa, usiishie kugombana na karani. Mwambie mtoto wako siku hiyo hiyo, mtumie tarehe, namba na kiasi ulichopewa. Yeye ndiye mwenye risiti, na malalamiko yake yana saa inayohesabu.

Risiti isiyosema kweli

Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari kuingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango. Noti zikawa adimu. Mwezi wa Aprili CADECO ilifunguliwa tena Goma chini ya wenye kutawala mji, lakini watu wengi walibaki na njia moja tu: simu na kabini.

Hapo likazaliwa tatizo jipya. Una dola mia kwenye simu, unataka noti. Mwenye kabini anakuambia noti ni ngumu, atakata kiasi chake. Unakubali, watoto wana njaa. Unatuma mia, unapokea chini ya mia. Sasa fungua ujumbe wako: umeandika mia. Makato hayamo. Mbele ya sheria ulipokea zote. Ni kile kile kidole cha mama wa Masisi, safari hii bila wino.

Siwalaumu wenye kabini wote. Wengi wao nao hununua noti kwa bei ya juu. Ila makato yasiyoandikwa hayana mwisho, na hakuna atakayeweza kuyapima wala kuyadai. Kijana mmoja wa Katindo amenionyesha anavyofanya: ana daftari la shule, kila mteja anaandikiwa kiasi cha ujumbe, makato, na kiasi kilichotoka mkononi, kisha wote wawili wanatia sahihi. Wateja wanapanga foleni kwake ingawa si wa bei ndogo kuliko wengine.

Jibu kwa mama

Narudi kwenye swali: «Mimi nina nini?» Kwa amri ya 1888 peke yake, ningemwambia ana shida, maana kidole chake kinamshuhudia dhidi yake. Lakini mwanasheria alinionyesha mambo mawili.

La kwanza, tangu tarehe 12/9/2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa sheria za biashara za Afrika. Sheria yake inasema kwamba dhidi ya mfanyabiashara, jambo la biashara laweza kuthibitishwa kwa njia zote. Nyumba ya kutuma makuta ni mfanyabiashara. Basi wanawake watatu waliosimama nyuma yake kwenye mstari, wakamwona akihesabu na kurudi hapo hapo, wanaweza kusema walichokiona. Baada ya zaidi ya miaka mia moja, wale mashahidi wa zamani wa misalaba ya shaba wamerudishiwa kiti chao.

La pili ni kwa wote waliokimbia na kuacha kila kitu. Ile ile amri ya 1888, ambayo ilidai maandishi, iliweka mlango wa nyuma: aliyepoteza hati yake kwa ajali ambayo hakuweza kuitazamia wala kuizuia, anaruhusiwa kuthibitisha deni lake kwa njia nyingine. Moto wa Nyiragongo na mabomu juu ya kambi ni mambo ya namna hiyo. Msikubali mtu awaambie kwamba karatasi ikiungua, deni nalo limeungua.

Hakuna hakimu wa kumkimbilia haraka siku hizi, hilo tunalijua sote. Lakini mama alikwenda na wale wenzake watatu mpaka kwa shirika lililotoa pesa zile, wakaeleza pamoja, na maneno yao yakaandikwa, kila mmoja na jina lake. Alidai nakala. Akapewa.

Juzi nilipita Keshero kumsalimu. Aliitoa ile nakala kutoka ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya mto wa mtoto. Dola ishirini bado hazijarudi. Aliniomba nimsomee tena kilichoandikwa, nikamsomea mstari kwa mstari, naye alikuwa akifuata kwa kidole mahali jina lake lilipo. Kisha akasema kwamba siku ile ya kutia sahihi, karani alimwekea kidau cha wino mbele yake. Alimwambia: «Ngoja kwanza, mwanangu. Nisomee yote. Halafu nitatia.»